Nyota Tatu na Nusu: Namna ya Kusoma Maoni ya Wateja wa Mgahawa wa Kichina wa Mtaani

Mtu akifungua kwenye simu maoni ya wateja wa mgahawa mdogo wa Kichina, ule wa kununua chakula na kuondoka nacho, karibu katika mji wowote wa Marekani, atakutana na kesi ambayo mashahidi wake hawapatani hata kidogo. Mmoja anaapa kwamba hajawahi kula kuku wa ufuta mtamu kiasi hicho. Wa pili, wiki hiyohiyo, anadai kuku huyo alikuwa unga mtupu. Wa tatu hana habari na kuku. Anamlalamikia mama wa kaunta aliyemkatia simu. Juu ya yote hayo wastani unasema nyota tatu na nusu, na mwenye njaa anabaki palepale alipokuwa.

Migahawa hiyo si michache. Mwandishi wa habari Jennifer 8. Lee, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu chakula cha Kichina nchini Marekani, alieleza kwamba nchi hiyo ilikuwa na migahawa ya Kichina ipatayo 40,000, mingi kuliko ya McDonald's, Burger King na KFC zikijumlishwa. Kwa familia za Kikongo zilizopokelewa Louisville, au Wakenya waliohamia Minnesota na Texas, mgahawa wa namna hii mara nyingi ndio ulio karibu zaidi na nyumbani: wali upo, bei inavumilika, na mlango uko wazi hadi saa nne usiku mtu anapotoka zamu.

Tatizo la nyota ni kwamba zinachanganya mambo manne katika chungu kimoja: kaunta, safari, bei na karai. Hilo la mwisho peke yake ndilo chakula chenyewe. Msomaji anayetaka maoni ya wateja yamfae aanze kwa kuyatenganisha hayo manne, kisha kila moja alipe uzito wake.

Wanaoandika na wanaonyamaza

Wateja walio wengi hawaandiki chochote. Aliyekula, akashiba na kuridhika, huenda zake kulala. Wanaoshika simu ni waliofurahi mno na waliokasirika mno. Watafiti wa masoko wamelikuta jambo hili mara nyingi: maoni ya mtandaoni hurundikana kwenye nyota tano, hupungua katikati, kisha huongezeka tena kidogo kwenye nyota moja. Kwa hiyo nyota tatu na nusu mara nyingi si maoni ya mtu yeyote. Ni hesabu inayobaki wapenzi na maadui wakigawanywa.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu, kibaya hakina haja ya kujitembeza. Watu wanakitembeza bure.

Hata mvua ina kura yake. Mwaka 2014 watafiti wa Georgia Tech na Yahoo Labs walichambua maoni zaidi ya milioni 1.1 kuhusu migahawa ya Marekani ipatayo 840,000. Waligundua kwamba maoni yaliyoandikwa siku za mvua, theluji, joto kali au baridi kali huwa ya chini kuliko yaliyoandikwa siku za hali nzuri ya hewa. Mteja akikuta maoni matatu ya nyota moja yaliyofuatana katikati ya Januari, kwanza atazame tarehe, halafu akumbuke jinsi barabara za mji huo zinavyokuwa mwezi huo.

Kaunta

Mwaka huohuo wa 2014, Dan Jurafsky wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha uchambuzi wa maoni 900,000 ya Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, kutoka miji saba ya Marekani. Walichokiona katika maoni ya nyota moja ni lugha ya watu waliofikwa na msiba: masimulizi ya wakati uliopita, "sisi" nyingi za kuliwazana, na lawama zinazoelekezwa kwa watu. Kwa sehemu kubwa waliokasirika hawakuwa wanalalamikia chakula. Walilalamikia namna walivyohudumiwa.

Basi kabla ya kuamini kwamba mgahawa fulani una kiburi, yafaa kuitazama kaunta yenyewe. Saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, mbele kwa kawaida pana mtu mmoja tu. Ameibana simu kwa bega, anaandika oda kwa herufi za Kichina kwenye karatasi ndogo, anamrudishia mteja chenji, anachana risiti iliyotoka kwenye kimashine cha programu ya kuagizia chakula, na kwa mkono uliobaki anafunga mfuko wa plastiki mafundo mawili. Nyuma yake upawa unagonga karai na feni ya moshi inanguruma. Akisema "dakika kumi" kisha akakata simu, huenda ndiyo Kiingereza chote ambacho nafasi ilimruhusu.

Wengi wa wenye migahawa ya aina hii katika majimbo ya mashariki wametoka Fuzhou, mkoani Fujian, katika wimbi la uhamiaji lililopamba moto tangu miaka ya 1980. Wafanyakazi wao hupatikana kupitia mawakala wa kazi wa mtaa wa Wachina wa Manhattan, hasa karibu na East Broadway, kisha hupanda basi kwenda kwenye miji ambayo hawajawahi kuiona. Mara nyingi kaunta hushikwa na mtoto wa nyumba, kwa kuwa ndiye anayekijua Kiingereza vizuri. Mwandishi Curtis Chin, aliyekulia katika mgahawa wa familia yake uitwao Chung's jijini Detroit, uliofunguliwa mwaka 1940 na kufungwa mwaka 2000, ameandika kumbukumbu zake za utoto huo wa kukua miongoni mwa wateja katika kitabu kilichotoka mwaka 2023.

Haya hayamaanishi kwamba lawama za huduma zitupwe zote. Inayostahili kusikilizwa ni ile inayoeleza tendo: oda ilikosewa, mteja akarudi na risiti, akakataliwa kurekebishiwa, au kadi ilikatwa mara mbili na hakuna aliyetaka kusikia. Malalamiko ya namna hiyo yakijirudia kwa watu tofauti na miezi tofauti, mteja akae chonjo. Lakini kwamba mama hakutabasamu, hilo halimwambii mtu lolote kuhusu tambi.

Safari

Rundo la pili la lawama ni la chakula kilichofika kimepoa, kimelowa au kimepungua. Hapa swali la kwanza ni nani aliyekibeba. Mgahawa ukiwa na dereva wake mwenyewe, lawama ni yake. Chakula kikiagizwa kupitia programu kama DoorDash au Uber Eats, anayekileta ni mtu wa kujitegemea ambaye huenda ana mifuko ya migahawa mingine kwenye gari lilelile, na mgahawa hauna amri juu yake. Isitoshe, programu hizo huweza kukata hadi asilimia 30 ya thamani ya oda. Ndiyo sababu bei za kwenye programu mara nyingi huzidi zile za ukutani. Mteja anayepiga simu mwenyewe na kwenda kuchukua hulipa kidogo zaidi, na mgahawa hubaki na fedha nyingi zaidi.

Kisha kuna mvuke. Kuku wa General Tso, pengine ndiye maarufu kuliko vyakula vyote vya aina hii, huvikwa wanga wa mahindi, hukaangwa hadi akakauka nje, halafu hupitishwa kwenye mchuzi mtamu wenye pilipili. Akitoka kwenye karai anavunjika kwa sauti. Akifungiwa kwenye kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana, mvuke wake mwenyewe humlainisha, na safari ya nusu saa inamtosha kugeuka sponji. Kile kikasha cha karatasi chenye mpini wa waya, ambacho Frederick Weeks Wilcox wa Chicago alikisajilia hataza mwaka 1894 na ambacho asili yake ni ndoo ya kubebea chaza, hupumua afadhali kwa juu.

Mteja mwenye akili hupunguza hasara hiyo kwa mambo matatu. Huomba mchuzi uwekwe pembeni kwa vyakula vya kukaangwa. Hufungua vifuniko kidogo mara anapoingia garini. Na kama nyumbani ni mbali, huagiza vyakula visivyoharibiwa na mvuke: nyama ya ng'ombe na brokoli, tofu kwa mchuzi, tambi, supu.

Anaposoma maoni, basi, atafute neno moja: aliyeandika alikichukua mwenyewe au aliletewa? Asiposema, nyota zake zihesabiwe nusu.

Bei

Malalamiko ya bei huchacha haraka. Anayeandika kwamba mgahawa "umepandisha mno" alikuwa akilinganisha na kumbukumbu yake, na mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022. Maoni ya kabla ya hapo hayana kazi tena upande wa bei. Kinachofaa ni picha ya karibuni ya orodha ya vyakula iliyopigwa na mteja. Humo mtu aangalie vitu viwili: saa za bei ya mchana, ambayo mara nyingi huanza saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, na kama wali umo ndani ya bei. Kwa kawaida nyama na mboga huja na wali, lakini tambi haziji nao. Wengi wanaolia kwamba walidhulumiwa wali walikuwa wameagiza tambi.

Karai

Sasa chakula chenyewe. Lawama inayorudiwa kuliko zote ni kwamba chakula "si cha Kichina halisi". Ni kweli, na haisaidii. Huyo kuku wa General Tso alibuniwa Taiwan katika miaka ya 1950 na Peng Chang-kuei, mpishi mzaliwa wa Hunan, naye akampa jina la jemadari Zuo (yaani Tso) Zongtang, aliyefariki mwaka 1885 bila kumwonja. Peng alifika New York mwaka 1973 na kukuta wapishi wengine wamekwisha kumnakili kuku wake na kumtia sukari kwa ajili ya walaji wa huko. Chakula hiki kimezaliwa kwa safari na biashara. Kukidai uhalisi wa Beijing ni kukionea.

Neno hilo "halisi" lina mtego mwingine. Sara Kay, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha New York, alisoma maoni 20,000 ya Yelp kuhusu migahawa ya jiji hilo, na matokeo yake yakachapishwa na jarida la Eater mwaka 2019. Aliona kwamba wateja wakisifu uhalisi wa migahawa ya Ulaya walitaja unadhifu na uzuri wa mahali, ilhali kwa migahawa ya Wachina na Wameksiko uhalisi uliambatanishwa na uchafu, viti vya plastiki na bei ya chini. Mgahawa wa Kichina unaopaka ukuta rangi na kuongeza dola mbili huadhibiwa na wateja walewale ambao wangeusifu mgahawa wa Kifaransa kwa jambo hilohilo. Msomaji asiubebe upendeleo huo bila kujua.

Mara nyingine anayelalamika amehama tu mkoa. Detroit kuku asiye na mifupa huja na lozi na mchuzi wa rojo. Springfield, Missouri, huja na korosho, kwa mtindo ulioanzishwa na mpishi David Leong katika mgahawa wake uliofunguliwa mwaka 1963. St. Louis huweka kimanda cha Kichina ndani ya mkate mweupe, na Fall River, Massachusetts, husokomeza tambi kwenye mkate. Aliyetoka mji mmoja akaingia mwingine ataandika kwamba wamemharibia chakula, kumbe wamempikia cha kwao.

Maoni yenye manufaa juu ya karai hutaja chakula kwa jina na hueleza hali yake: tambi zilishikana, brokoli ilibaki kijani na kukatika vizuri, wali ulikuwa na harufu ya moshi wa karai, nyama ilielea kwenye mafuta. Watu wanne wakikubaliana kuhusu supu ileile katika miezi sita, hapo kuna ushahidi. Sentensi kama "chakula kitamu sana, nitarudi" haina madhara, lakini haina habari.

Lipo pia suala la MSG, ule unga wa kuongeza ladha ambao wengi huuita kwa jina la kampuni ya Ajinomoto. Mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda ndiye aliyeutambua mwaka 1908. Miaka 60 baadaye, mwaka 1968, daktari Robert Ho Man Kwok aliandika barua katika jarida la New England Journal of Medicine akieleza ganzi na mapigo ya moyo aliyoyasikia baada ya kula kwenye migahawa ya Kichina, na tangu siku hiyo kila kichwa kilichouma baada ya tambi kimesingiziwa unga huo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inauweka kwenye kundi la viungo vinavyotambuliwa kuwa salama. Inasema baadhi ya watu huweza kupata dalili nyepesi za muda mfupi wakimeza gramu 3 au zaidi bila chakula, wakati mlo wa kawaida uliotiwa MSG huwa na chini ya nusu gramu. Nyanya na jibini la Parmesan zina kiini hichohicho kwa asili, na hakuna anayeuandikia mgahawa wa Kiitaliano nyota moja kwa sababu hiyo. Kinachomsumbua mlaji mara nyingi zaidi ni chumvi ya soya sosi, na hiyo inaweza kupunguzwa kwa kuomba.

Kwa usafi, aulizwe bwana afya

Jambo moja ambalo maoni ya wateja hayawezi kulitolea hukumu ni usafi wa jiko, kwa kuwa mteja haingii jikoni. Mkaguzi wa afya huingia. Kaunti ya Los Angeles imekuwa ikibandika herufi za madaraja mlangoni tangu mwaka 1998, na jiji la New York tangu 2010. Kwa New York, pointi ni za makosa: 0 hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, 28 na kuendelea ni C. Hatari kwa afya ya umma, kama vile kutokihifadhi chakula kwenye joto linalotakiwa, huanzia pointi 7. Kosa zito kama kuandaa saladi bila kuiosha vizuri huanzia 5. Kosa la kawaida huanzia 2. Hivyo jiko lenye makosa mawili ya joto tayari lina pointi 14 na limepoteza A yake.

Pasipo na herufi mlangoni, idara ya afya ya kaunti au jimbo mara nyingi huweka ripoti za ukaguzi kwenye tovuti yake. Msomaji asitishwe na wingi wa mistari. Kigae kilichopasuka na taa isiyo na kifuniko ni mambo madogo. Yanayopaswa kumfanya aghairi ni wali au kuku kukaa kwenye uvuguvugu, wafanyakazi kukosa mahali pa kunawia, na dalili za panya, hasa yakijirudia katika kaguzi mbili mfululizo.

Anayeamini kwamba chakula kimemuumiza tumbo apige simu kwa idara hiyohiyo kabla ya kuandika popote. Magonjwa mengi ya chakula huchukua saa nyingi, mengine siku kadhaa, kuonekana. Mlo wa mwisho si lazima uwe ndio mkosaji. Idara ikipata taarifa za watu watatu wasiojuana, inaweza kuchunguza. Nyota moja haichunguzi kitu.

Maoni ya uongo na maoni yaliyopitwa

Michael Luca, akiwa Harvard Business School, na Georgios Zervas wa Chuo Kikuu cha Boston, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikuta kwamba asilimia 16 hivi ya maoni kuhusu migahawa ya Boston yalikuwa yamechujwa na Yelp yenyewe kwa kutiliwa shaka. Mgahawa wenye maoni machache au uliotoka kupigwa na maoni mabaya ulikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujisifu kwa njia za uongo, na ushindani ukiongezeka, maoni mabaya ya kubuni nayo huongezeka. Tangu Oktoba 2024 kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inakataza kuuza na kununua maoni bandia, pamoja na yale yanayotungwa na kompyuta.

Kanuni haifiki kila kona, kwa hiyo macho bado yanahitajika. Sifa tano zilizoandikwa siku mbili na watu ambao hawajawahi kuandika kuhusu mahali pengine popote, bila jina la chakula hata kimoja, ziachwe. Vivyo hivyo kwa matusi yanayomalizikia kumtaja jirani mshindani.

Yaliyopitwa ni hatari zaidi kuliko ya uongo, kwa sababu yaliandikwa kwa moyo safi. Migahawa hii huuzwa na kununuliwa huku jina, namba ya simu na hata picha za ukutani zikibaki zilezile. Nyota 300 za mpishi aliyeondoka hazimpikii mtu. Njia nzuri ni kupanga maoni kwa tarehe, kusoma ya miezi sita ya karibuni tu, na kutafuta watu wa zamani wanaosema ladha imebadilika, iwe kwa wema au kwa ubaya.

Nguruwe, pombe na mzio

Kwa Waislamu na Wasabato, na kwa yeyote mwenye mzio, maoni ya wateja hayatoshi hata yakiwa elfu. Hapa huulizwa mgahawa, tena kwa maswali mafupi. Je, ndani ya egiroli, ile kama sambusa ndefu ya kabichi, mna nguruwe? Mara nyingi mna. Wali wa kukaanga unatiwa nyama gani? Mchuzi wa kahawia una mvinyo wa kupikia? Mafuta yanayokaanga kuku ndiyo yanayokaanga nguruwe? Kumwambia mtu wa kaunta kwamba mtu hali nguruwe kwa ajili ya dini kunaeleweka zaidi kuliko kumuuliza kama chakula ni halali, kwani atajibu ndiyo akidhani anaulizwa kuhusu kuku. Anayetaka uhakika kamili atafute migahawa ya Waislamu wa Kichina, ambayo imo katika miji mikubwa kama New York na Los Angeles.

Kwa mzio, soya sosi ya kawaida ina ngano, na mchuzi wa chaza unatokana na chaza. Ufuta uliongezwa kwenye orodha ya vizio vikuu vya Marekani kuanzia Januari 2023. Karai moja hupika oda kumi kwa kusuuzwa tu, na ahadi ya kaunta haiwezi kuzuia punje ya karanga isibaki. Mwenye mzio mkali atafute jiko lingine.

Oda ya kwanza

Baada ya kusoma yote hayo, jaribio halina haja ya kuwa ghali. Mteja aende mwenyewe, jioni ya siku yenye watu, kwa sababu jiko linalouza sana halina chakula cha kulala. Aagize vitu viwili: wali wa kukaanga wa kawaida, na nyama ya ng'ombe kwa brokoli. Wali humfichua mpishi. Ukiwa mkavu, punje zimeachana na yai limeenea, karai lina moto na mkono unalijua. Brokoli huonyesha kama anajua wakati wa kuepua. Supu ya pilipili na siki iwe ya tatu kama mfuko unaruhusu.

Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kiliwe kabla ya siku nne kupita, na kipashwe hadi kitoe mvuke kote. Wali hasa usiachwe mezani usiku kucha, kwani bakteria wa Bacillus cereus huvumilia kupikwa na huzaana kwenye wali uliopoa polepole. Wengi walioulaumu mgahawa asubuhi walikuwa wameulaza wali kwenye kaunta ya jikoni kwao.

Zamu ya kuandika

Mteja naye akiamua kuandika, ajue kalamu yake ina uzito gani. Katika utafiti wa mwaka 2011 uliotumia takwimu za migahawa ya Seattle, Luca aliona kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp iliongeza mapato ya mgahawa kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba athari hiyo ilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi, si ile ya makampuni yenye matawi mengi. Kwa familia inayoishi juu ya duka lake, asilimia hizo ndizo kodi ya pango.

Palipo na kosa, simu itangulie. Aseme namba ya oda, alichoagiza na alichopata, kwa sauti ya kawaida, na si saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa. Mingi ya migahawa hii hupika upya au kurudisha fedha bila ubishi, kwa sababu inategemea watu walewale wa mtaa huo kila wiki. Ikikataa, hapo pana jambo la kuandika, na sheria ya Marekani ya mwaka 2016 inazuia biashara kuweka masharti ya mkataba yanayomwadhibu mteja kwa kusema ukweli.

Maoni mazuri, yawe ya sifa au ya lawama, hutoshea kwenye sentensi nne: tarehe na saa, alikichukua au aliletewa, jina la kila chakula na hali yake, na mgahawa ulijibu nini pale palipoharibika. Picha moja ya kasha lililofunguliwa inasaidia. Lawama kuhusu dereva ipelekwe kwenye programu iliyomtuma, na lawama kuhusu lafudhi ya mtu isiandikwe kabisa. Akirudi baada ya miezi mitatu na kukuta tambi zimetengemaa, aingie kwenye maoni yake ya zamani na kuyahariri, maana yatakuwa yangali yakisomwa na jirani anayetafuta chakula cha jioni.